Nyasi za Kumwendea Katoo

Ukame wa mwaka ule mimi Muteti niliuona kwa macho yangu mawili, na anayebisha aje Kitengela nimpeleke kwa mashahidi. Jua liliwaka mpaka kivuli cha ng'ombe kikakonda, kikaanguka kabla ya ng'ombe mwenyewe. Kule Kajiado mjini nilimwona kuku akitaga yai ambalo limechemka tayari. Nilichokosa ni chumvi tu. Hayo ya yai unaweza kuyapunguza kidogo ukitaka. Lakini haya ya kisima cha Enkong'u usipunguze hata kijiko, kwa sababu nilikuwepo, na mkono wangu ulikuwa ndani ya sufuria.

Enkong'u iko kati ya Kitengela na Isinya, ukiacha lami ukafuata vumbi. Kisima chenyewe si cha ndoo na kamba. Ni shimo lililochimbwa kwa mtambo zamani, likatiwa pampu, tangi la mawe na hori ndefu ya kunyweshea ng'ombe. Halikuchimbwa na serikali wala kanisa. Wazee watano wa hapo, Wamaasai, kila mmoja alitoa madume yake yakaenda sokoni, mtambo ukaja. Walipomaliza wakawekeana sheria: neno lolote la kisima ni mpaka wote watano wakubali. Mmoja akisema hapana, basi, chukueni fimbo zenu mwende nyumbani.

Sheria ilikuwa nzuri watu walipokuwa wachache. Baadaye ardhi ikakatwa vipande, tukaja sisi wa ploti: Wakikuyu na biashara zao, Wajaluo na magari yao, Wakamba kama mimi na maneno yetu. Tukachota maji ya Enkong'u kwa mitungi mwaka nenda mwaka rudi. Kiti hatukupewa. Wengine kati ya wale watano walikufa, wana wao wakarithi viti, lakini hakuna aliyefungua mdomo kabla ya kumtazama mzee Katoo. Katoo ni mtu mrefu, mkavu kama fimbo yake, na "hapana" yake ilikuwa nzito kuliko jiwe la kusagia.

Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa dereva wa basi la wajumbe, wale wanaokuja Nairobi kwa mikutano ya mataifa. Shule niliiacha mapema, lakini ukiwaendesha wakubwa miaka mingi, na kioo cha kuwatazama kiko juu ya pua yako, utasoma tu. Siku moja niliwabeba mabalozi wawili ambao nchi zao zilikuwa zinapigana. Nikapotea njia makusudi, nikawakwamisha kwenye msongamano wa Mlolongo mpaka njaa ikawashika, wakagawana hindi moja la kuchoma. Vita viliisha kabla hawajafika hotelini. Ukiuliza kwa nini sikupewa nishani, hata mimi nauliza.

Kwa hivyo asubuhi ile Soipan alipobisha langoni kwangu, nilijua amekuja kwa mtaalamu. Soipan ni mjukuu wa Katoo. Alifiwa na baba akiwa mdogo, babu ndiye aliyemlea na kumsomesha. Sasa anafanya kazi na chama cha wafugaji, na mwaka ule alikuwa amechaguliwa kwenda ng'ambo kuwasemea kwenye ule mkutano mkubwa wa mataifa wa mambo ya tabianchi.

"Sopa, mzee."

"Epa. Ingia, chai iko. Ndege ni lini?"

"Siendi."

"Huendi?"

"Siendi, mzee. Wamenipa dakika chache za kusimama mbele ya dunia, na neno nililotaka kusema ni moja tu: wanaokunywa kisima kimoja wakae meza moja. Sisi moshi wetu ni wa kupika chai, lakini jua la moshi wa wengine ndilo linatuulia ng'ombe. Na ukienda kwa lile baraza lao kubwa la usalama, Afrika nzima haina hata kiti kimoja cha kudumu. Sasa mimi nitasema hivyo na uso gani? Kwetu hapa watano wamekalia viti, na mkubwa wao ndiye alinilea."

"Kwani kule nani anajua Enkong'u?"

"Mimi najua."

Hiyo ndiyo shida ya watoto waliolelewa vizuri.

"Na hata hiyo hotuba ni kitu kidogo," akaendelea. "Mama Roy na majirani wamekodi mtambo. Jumatatu wanachimba shimo lao."

Hapo nikaweka kikombe chini. Mama Roy ni Nyakio, mjane, mfugaji wa kuku, jirani ya kisima kabisa. Mwaka uliotangulia mtu mmoja wa ploti alitoboa shimo lake, na pampu ya Enkong'u ikaanza kukohoa hewa. Maji ya chini hayajui ua. Shimo jingine likitobolewa, Enkong'u imekufa, na ng'ombe wa Katoo, waliobaki mifupa na macho, hawana pengine pa kwenda. Baada ya hapo hata hilo shimo jipya lingekauka, na kila mtu alijua. Lakini kila mtu alikuwa anasema: nisipochimba mimi, atachimba jirani.

Na chanzo cha yote ni neno moja. Kwenye kikao cha mwisho cha kisima, Nyakio aliuliza kwa nini watu wa ploti hawana kiti. Desturi ya pale, anayeongea ndiye ameshika fimbo, wengine wanangoja. Fimbo ilikuwa kwa Katoo. Nyakio akamkata katikati: "Mzee, mambo ya kuongozwa na fimbo yaliisha. Wakati wako umepita." Mbele ya wajukuu! Katoo aliinuka, akasema hapana, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakukuwa na kikao tena.

"Niachie mimi," nikamwambia Soipan. "Nimewapatanisha mabalozi. Nitashindwa na babu yako?"

Nilimkuta Katoo zizini, yeye na wanawe wawili, wanainua ng'ombe. Mwaka wa njaa ndivyo asubuhi inavyoanza: ng'ombe amelala usiku, hana nguvu za kusimama, basi mnampitishia mti chini ya tumbo, mmoja anashika pembe, mwingine mkia, mnamsimamisha kama mlevi. Akishasimama anaweza kutembea mpaka horini. Nikatupa kofia, nikashika mkia.

"Mzee Katoo," nikaanza, "kuna kijiji kimoja nilikipitia zamani..."

"Shika mkia vizuri. Ehe, kijiji."

"Kijiji kikubwa. Zamani kulikuwa na vita, wanaume watano wakashinda. Wakaunda baraza, wakajiwekea viti ambavyo haviondoki. Wengine wanaingia na kutoka, lakini wale watano hapana. Na mmoja wao akisema sitaki, jambo limekufa."

"Vita gani hiyo?"

"Ile kubwa. Ilipoisha, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama."

"Na mpaka leo wamekaa?"

"Mpaka leo."

"Na wengine wakiomba kiti?"

"Wanaambiwa ni wazo zuri sana, litajadiliwa."

Katoo alicheka mpaka ng'ombe akayumba. "Hao ni wakora!"

Moyo wangu ukaruka kama wa mtu ambaye mtego wake umenasa kanga. Kumbe mzee alikuwa anafunga tu kamba.

"Sasa ulitaka niseme hivyo," akasema, "ndio uniambie mkora ni mimi. Muteti, mtego wako umeacha mkia nje. Hiyo hadithi Soipan alinisimulia akiwa shule ya upili."

Wanawe wakageuka upande wacheke. Ng'ombe alikuwa amesimama. Katoo akamfuta vumbi puani kwa kiganja, na aliponigeukia hakuwa na mzaha tena.

"Hao wa kijiji chako walishinda vita. Mimi sikupiga mtu. Nilitoa madume yangu, yale mazuri, na mke wangu akalia. Ukitembea sasa hapa, kila mahali ni waya. Kijana wa lango ananiuliza, mzee, unaenda wapi? Mahali nimezaliwa! Kitu moja tu imebaki ambayo nikisema hapana, watu wanasimama. Ukinitoa hiyo, niko na nini?"

Nikaokota kofia yangu, nikaipangusa vumbi.

"Na yule mama kuku," akaongeza, "akitaka tuongee, njia iko."

"Haijui, mzee. Ametoka Murang'a."

"Basi afundishwe."

Njia yenyewe Soipan alinieleza niliporudi. Kwa Wamaasai nyasi ni kitu cha heshima, kwa sababu ndizo uhai wa ng'ombe. Uliyemkosea ukimwendea na nyasi mbichi mkononi, hawezi kukufukuza. Hasira anaiweka chini, anakusikiliza. Lakini lazima ziwe mbichi.

"Mbichi," nikasema, nikitazama nchi yote mpaka milima ya Ngong. Ilikuwa na rangi ya mkate.

"Mbichi, mzee."

Nikaenda kwa Nyakio. Alikuwa kwenye banda, anawapangia kuku maji kidogo kidogo, kama mtu anayegawa dawa.

"Mama Roy, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na kiu."

"Toka hapa na vichekesho vyako." Lakini alivuta ndoo, akanipa nikalie. Nilipomaliza kusema, aliwageukia kuku wake. "Kwa hicho kisima nimechota tangu Roy akiwa tumboni. Roy leo ananyoa ndevu. Siku moja tu nimeuliza kiti, naambiwa wageni hawaketi. Mgeni gani huyo wa miaka yote hiyo?"

"Ni kweli."

"Lakini lile neno halikuwa zuri. Gakuru angekuwa hai angenifinya chini ya meza." Gakuru ndiye marehemu mumewe. "Hata huo mtambo, mzee, unafikiri ninaupenda? Ninaogopa tu kubaki mimi peke yangu bila. Sawa, nitamwendea. Hizo nyasi ziko wapi?"

"Nilidhani wewe..." Maana niliona kwa mbali, nyuma ya nyumba, kitu cha kijani kikichungulia kwenye kona ya ua.

"Hizo haziguswi," akasema, akasimama katikati ya macho yangu na hiyo kona. "Tafuta zingine."

Nikatafuta. Nilifika mpaka Isinya kwenye mashamba ya maua, ambako kijani kipo lakini ndani ya seng'enge. Bawabu akaniambia, "Mzee, hapa hata gugu lina kitambulisho." Nilijaribu kwa wauza nyasi za mifugo, zilikuwa zimekauka na kufungwa, zimetoka mbali. Jumamosi jioni nikarudi Kitengela na viatu vilivyojaa vumbi na mikono mitupu. Nikapita kwa kinyozi wangu, Dennis, angalau nimwendee Mungu kesho na kichwa safi.

Dennis ni kijana wa kisasa. Duka lake la kunyolea lina taa za rangi, kioo ukuta mzima, na chini ametandika zulia la nyasi za plastiki, kijani, nzuri, utadhani mvua ilinyesha ndani usiku. Nikaketi pale kwenye sofa nikingoja zamu yangu. Nikazitazama. Zikanitazama. Ya kwamba kisu changu cha maembe kilikuwa mfukoni, na ya kwamba kona ya zulia nyuma ya sofa haionekani na mtu, hayo yalipangwa na mbingu, si mimi.

Jumapili baada ya kanisa nikampelekea Nyakio fungu lililofungwa kwa gunia lenye maji.

"Usifungue," nikamwambia. "Desturi ni kufungua mbele ya mzee mwenyewe."

"Nani alikuambia?"

"Mama Roy, mimi hii nchi naijua."

Akaniamini. Mkikuyu akafunzwa mila za Kimaasai na Mkamba, na hakuna aliyeona hatari.

Kwa Katoo walikuwa wameketi wazee wenye viti vya kisima, wanawake, na watu wa ploti waliokuja kutazama kama mpira. Soipan alisimama karibu na babu yake. Yule ng'ombe mweusi tuliyemwinua alikuwa pale pale, ameegemea ua. Nyakio, na gauni lake la kanisa, akapiga hatua mbele, akafungua gunia, akanyoosha mikono yote miwili.

Watu walivuta pumzi kwa pamoja. Hujui jinsi macho ya mtu yanavyokuwa na njaa ya kijani mpaka uyaone siku hiyo. Bibi mmoja alianza hata kubariki. Katoo alisimama, uso wake ukalegea, nikasema moyoni, Muteti, wewe ni hatari. Akanyoosha mkono, akazipokea.

Vidole vyake vikasimama.

Akazisogeza puani. Akavuta. Akavuta tena, kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha, bila neno, akamwendea yule ng'ombe akamwekea mdomoni. Ng'ombe akazinusa, akatoa ulimi akalamba mara moja, akapiga chafya, akageuza kichwa.

"Amekataa," Katoo akasema. "Na huyu hata hana kiti."

Nyakio aliangalia kile kitu, akaona uzi wa zulia ukining'inia. Akageuka polepole kunitafuta. "Mzee Muteti!"

Nilikuwa nimeshavaa kofia. Lakini mlango wa boma ni mmoja, na mwana wa Katoo alikuwa amesimama hapo akitabasamu vibaya.

Katoo hakunitazama. Alimtazama mjukuu wake, akimwinulia kile kipande. "Soipan. Hizi ndizo mnaenda kutafuta huko ng'ambo kila mwaka? Kijani, safi, na ng'ombe hawezi kula?"

"Ndizo, akuyia," Soipan akasema, akimwita babu kwa Kimaasai. Sauti yake haikuwa kubwa. "Wanatupatia ahadi, tunapigwa picha nazo. Kwa picha zinapendeza. Tukifika nyumbani ndio tunazinusa."

"Na mnazirudisha?"

"Kwa nani? Hatuna kiti pale zinapotengenezwa."

Hapo hapo mlango wa pikapu ya Nyakio ulibamizwa nje. Nyakio alikuwa ameondoka. Watu wakaanza kunong'ona: basi, ameenda kuita mtambo, na mwenye makosa ni yule Mkamba. Wazee wakaanza kukusanya fimbo. Soipan aliinama akashika paji la uso. Mimi nilihesabu makosa yangu nikaona ni moja tu, lakini la plastiki, haliozi.

Kisha pikapu ikarudi. Nyakio alishuka na gauni lile lile la kanisa, sasa lina udongo magotini, kucha zimejaa matope. Mikononi alikuwa na nyasi, hizi fupi za kutambaa, na mizizi yake na donge la udongo bado lina maji. Hakusema desturi ni hii au ile. Alizinyoosha tu.

Katoo akazinusa. Safari hii alifumba macho.

"Zimetoka wapi?"

"Kwa Gakuru."

"Gakuru mume wako? Si alikufa?"

"Alikufa."

"Si mlimpeleka Murang'a?"

"Hapana, mzee. Yuko nyuma ya nyumba. Alisema asihamishwe. Hizi ndizo zimemfunika. Huzimwagilia maji ya kusuuza vyombo vya kuku, ndio hazijakauka."

"Mlimzika hapa, na mimi jirani sikuitwa?"

"Ilikuwa wakati wa korona, mzee. Watu hawakuruhusiwa. Tulikuwa mimi na watoto na pasta Ezra, tukamaliza haraka haraka."

Mmoja wa wazee alikohoa, kwa sababu nyasi za kaburini si kitu cha kuletwa hivi hivi, na wote walingoja kuona Katoo atazitupa au vipi. Hakuzitupa.

"Huyo Gakuru," akasema, "siku moja ndama wangu aliugua, yeye akapita na hii pikapu. Akamweka ndama mbele kwenye kiti, kwa sababu ya baridi. Mimi akaniweka nyuma."

Nyakio alicheka huku analia. Watu wote wakacheka.

"Mimi nilifikiri nyinyi watu wa ploti mnarudi kwenu mkiwa ndani ya sanduku," Katoo akasema. "Kumbe kuna wale wamebaki." Akang'oa majani machache akamwekea ng'ombe mweusi mdomoni. Yule mnyama alikula na udongo wake, akatafuta mengine. "Huyu amekubali. Mama Roy, keti."

Na kiti alichomwonyesha ni chake mwenyewe.

Nyakio aliomba msamaha kwa lile neno, kwa ufupi, bila kulizungusha, na Katoo akaupokea. Soipan hakungoja. "Akuyia, sasa iachilie ile hapana."

"Siachilii."

Watu wakaguna. Katoo akainua fimbo, wakanyamaza.

"Hapana ni kitu kizuri. Mtu asiye na hapana ni mbuzi, unamfunga popote. Siwezi kutupa yangu. Nitawapa na nyinyi. Kila boma, kila ploti inayokunywa Enkong'u, ikae, na iwe na hapana."

Nyakio aliangalia fimbo. Akanyoosha mkono kwanza, akaingoja, Katoo akampa. Ndipo akasema: "Mzee, tulivyo wengi, kila mtu na hapana yake, si hata mfereji hautafunguliwa?"

Alimrudishia fimbo. Katoo akaigeuza geuza, akatazama zizi, akatazama njia ya kwenda horini, ambako ng'ombe hupangwa kila siku, na wa mwisho hunywa tope.

"Anayesema hapana," akasema polepole, kama mtu anayeonja, "ng'ombe wake wanywe mwisho. Mpaka alete njia nyingine ambayo wengine wanaweza kukubali. Kama ana kuku, kuku mwisho. Kama ni Muteti, na huyo kofia yake, mwisho. Kama ni mimi, mimi mwisho. Tuone ni hapana ngapi zitabaki."

Wale wazee wengine walitazamana. Kwanza mmoja alicheka, halafu akapiga fimbo chini kukubali, halafu wengine. Na la kutochimba likapita siku hiyo hiyo bila hapana hata moja. Hata yule mtu wa shimo la kwanza, ambaye alikuja kutazama tu, alikubali kuifunga pampu yake na kurudi kwenye foleni ya wote. Nyakio alitoa simu mbele yetu, akapiga kwa dereva wa mtambo ambaye alikuwa ameshafika Athi River.

"Geuza gari," akamwambia. "Hapana, hatuna shida na wewe. Tuna maji."

Soipan alienda. Yale mazungumzo yake ya ng'ambo nimeyatazama kwenye simu mara nyingi mpaka kioo kimechoka. Alisimama na shanga za nyanya yake shingoni, akawaeleza juu ya nyasi za aina mbili, zile zilizokataliwa na ng'ombe na zile zilizoliwa, na akawaeleza sheria ya Enkong'u. Alisema: ongezeni viti, Afrika iketi, na anayetaka kubaki na hapana yake abaki nayo, lakini anywe mwisho. Niliona mkubwa mmoja kwenye mstari wa mbele akiuma kalamu. Nilimbeba huyo zamani. Hotuba za kawaida huyo huzilalia usingizi. Wengine walipiga makofi na miguu. Dunia haikugeuka siku hiyo, nisikudanganye. Lakini wajumbe wa visiwa na wa nchi za jangwa walimfuata nje kumwuliza sheria hiyo inaandikwaje.

Dennis aliligundua zulia lake. Sasa ananinyoa akianzia nyuma, na hamalizi mpaka niombe radhi. Hayo ni yetu.

Na Enkong'u? Pampu iliacha kukohoa. Mvua ilichelewa, lakini maji yalitosha mpaka ikaja. Wiki ile Soipan alipokuwa bado huko ng'ambo, kampuni moja ya simu ilileta watu wakitaka kulipaka tangi letu rangi yao na jina lao. Kikao kizima kilikubali. Katoo akasema hapana.

"Mzee, unajua sheria," Nyakio akamwambia.

"Niliitunga mimi. Naijua."

Kwa hivyo jioni hiyo nilimkuta horini, nyuma ya mbuzi wa watu wote, nyuma ya mapipa ya kuku wa Nyakio, nyuma hata ya punda wangu, amesimama mguu mmoja na fimbo yake, ng'ombe wake nyuma yake wakimtazama kwa lawama. Alikuwa ananuna, lakini shingo imenyooka. Nilikuwa na Soipan kwenye simu, nikampa aongee naye. Akaishika mbali na sikio, akapiga kelele ili ifike ng'ambo.

"Soipan! Wale watano wako wameanza kunywa mwisho?"

Sauti ikaja nyembamba, na kicheko ndani yake. "Bado, akuyia. Lakini leo mmoja ameniuliza foleni inaanzia wapi."

Katoo akageuka, akatazama mstari wa ng'ombe wake mpaka mwisho, kule alikosimama yule mweusi, sasa bila kuegemea kitu.

"Mwambie aje," akasema. "Mwambie ashike hapo nyuma ya huyu mweusi, na asisukume."